Naombeni ushauri, mzee wangu hali chakula vizuri tangu mama afariki

Habari zenu ndugu zangu, mzee wangu ana miaka 68 yuko Dodoma, mama alifariki mwaka jana na tangu hapo kula kwake kumebadilika kabisa. Sio hela, unga upo, maharage yapo na kuna binti anampikia vizuri tu, ila yeye asubuhi chai ya rangi na mkate basi imetoka hiyo. Wiki iliyopita nimeenda nikakuta ugali na mlenda wa jana yake umefunikwa na kawa vilevile, amemega kona moja tu, nikamuuliza baba mbona hujala akaniambia "mwanangu, kula peke yangu siwezi". Miaka 40 wale walikuwa wanakula sahani moja.

Kinachonitisha ana kisukari na anatumia metformin, ile dawa inatakiwa inywewe na chakula, yeye anaimeza tumbo tupu anasikia kichefuchefu na hamu ndo inazidi kupotea. Meno ya nyuma nayo hana, nyama anaitafuna weee mwisho anaitoa. Lakini nilivyokaa nae mkekani tukala wote alimaliza, mpaka akaomba aongezwe mlenda, ndo nikajua shida sio mapishi.

Mimi kazi iko Dar siwezi kuwepo kila siku, na kuhama hataki hata kusikia. Mliopitia hili mlifanyaje? Niongee na majirani wazee wenzake wawe wanakula pamoja jioni, au ataona namdhalilisha? Na kwa daktari nianzie wapi kulieleza hili?