Italia: tutumie treni au tukodi gari? Tunataka kufika na kwenye mashamba ya zabibu

Mkulima wa Hombolo
Mbukwenyi wakuu. Mimi na mke wangu tunalima zabibu huku Hombolo, Dodoma, na mwezi wa tisa Mungu akijalia tunaenda Italia, kupumzika na kujifunza humohumo maana kipindi hicho ndo wanavuna kule. Tunashukia Roma, mke wangu ni mkatoliki haswa lazima afike Vatikani, halafu Florence, halafu Venice, ila mimi roho yangu iko kwenye mashamba ya Toscana, mkoa wa huko Florence, nataka niyakanyage mwenyewe nione walivyopogoa, nguzo na waya wanavifungaje, na wale wazee wa kule niwaulize mambo ya udongo.

Sasa shemeji yangu wa Dar anasema tukodi gari palepale uwanja wa ndege tuwe huru, mke wangu anataka treni, toka SGR ianze kuja Dodoma 2024 hataki kusikia habari za basi. Mi pikapu naendesha kila siku barabara siogopi, ila upande wa kulia sijawahi. Wenye uzoefu naombeni mawazo, hela ipo ila si ya kumwaga.

Dada wa Area D
Kaka karibu. Mimi nimesoma kule na nakwambia kwa moyo mmoja, kwa Roma, Florence na Venice usikodi gari. Hiyo miji yote mitatu katikati gari halitakiwi. Venice ndo kabisa, barabara inaishia Piazzale Roma pale mwanzoni, unaliacha gari unalilipia maegesho kila siku halafu nyie mnatembea kwa miguu na boti, sasa hapo umekodi gari la nini? Treni inawashusha Santa Lucia, mkitoka tu mlangoni mfereji mkubwa uko mbele yenu. Angalia tu tiketi iandikwe Venezia Santa Lucia, ikiandikwa Mestre hiyo ni bara, bado hujavuka maji.

Treni za kasi ziko kampuni mbili, Frecciarossa ya shirika la serikali Trenitalia na Italo ya watu binafsi iliyoanza 2012, zote zinagonga kilometa 300 kwa saa wakati SGR yetu mwisho ni 160. Roma hadi Florence ni kama saa moja na nusu, Florence hadi Venice saa mbili na kitu, na mnashuka katikati ya mji. Halafu kwasababu zinashindana ukikata mapema unapata bei nzuri sana, ukingoja siku yenyewe inapaa kama nauli ya ndege. Ila zile za bei ya chini kabisa ni za treni hiyohiyo na saa hiyohiyo, ikikuacha imekuacha.

Zile za Regionale zinazosimama vituo vidogo bei yake haipandi na hazina namba ya kiti, lakini tiketi ya karatasi lazima uigonge kwenye kimashine pale stesheni kabla hujapanda. Usipogonga ni faini hata kama umelipa, na hawana huruma kwa mgeni. Mabegi mnabeba wenyewe kwahiyo mwambie wifi asifungashe nyumba nzima.

Na gari mjini kuna kitu kinaitwa ZTL, yaani maeneo ya katikati ambayo asiye na kibali haingii. Hakuna geti wala trafiki, kuna kamera tu. Ukipita umepigwa picha, na ukizunguka kutafuta hoteli unaweza kupita bila hata kujua. Kampuni ya gari inawapa polisi jina lako na inakukata ada yake kwa kazi hiyo, faini yenyewe wanaruhusiwa kukutumia hadi siku 360 baadaye, umeshavuna umesahau Italia barua ndo inafika.

Dereva Manyoni
Dada kaongea kweli kuhusu mijini ila mkuu usikubali kuondoka Italia bila kuendesha huko Toscana, nasema hivyo kwasababu wewe ni mkulima na shamba haliko stesheni. Montalcino kwenye ile mvinyo ya Brunello treni haifiki. Montepulciano kuna stesheni yenye jina hilo ila iko chini bondeni mbali na mji, mji uko juu kilimani. Chianti, ile milima kati ya Florence na Siena, mabasi yapo lakini yanakushusha mjini kwao, sio kwenye shamba ulilopanga kwenda, na Jumapili ni ya kusubiri sana. Ukiwa na gari unasimama popote unapoona watu wanavuna, unasalimia. Hiyo treni haiwezi kukupa.

Fanya hivi. Ukimaliza Florence panda tramu ya T2 pale jirani na stesheni ya Santa Maria Novella, inakupeleka uwanja wa ndege wa Peretola, gari lichukulie huko na ulirudishe hukohuko, hutagusa katikati ya mji kabisa. Barabara ya Florence kwenda Siena ni njia mbilimbili na hailipiwi. Autostrada za vibao vya kijani ndo za kulipia, unachukua tiketi kuingia unalipa kutoka, ile njia ya Telepass usiingie ni ya wenye kifaa chao.

Upande wa kulia utazoea, cha kukaa nacho macho ni kipilefti, kule unaingilia kulia unazunguka kinyume cha mshale wa saa, na unamwangalia anayetoka kushoto kwako. Magari mengi ya kukodi ni ya gia, oto ipo ila bei juu na uiwekee oda mapema. Mafuta, benzina ni petroli, gasolio ni dizeli, usichanganye. Na leseni ya kimataifa ishughulikie huku nyumbani kabla ya safari, utaenda nayo pamoja na leseni yako ya kawaida.

Mkulima wa Hombolo
Asanteni sana, mmenifungua. Maswali mawili: nikienda kuonja mvinyo nitaendeshaje kurudi? Na hizi kadi zetu za benki wanapokea?

Mama Pendo Kondoa
Baba, la kuonja ndo lilipaswa kuja kwanza kabisa. Kikomo chao ni nusu gramu ya kilevi kwa lita ya damu na polisi wanasimamisha watu kweli. Unayeendesha hunywi, basi. Kuonja unaweza kutema kama wataalamu wanavyofanya, kuna chombo cha kutemea mezani, au mlale hapohapo shambani, wengi wana vyumba wanaita agriturismo, mnakunywa jioni gari limepaki. Mimi ningechagua hilo la kulala, asubuhi mnaamka nao shambani na ndo mtakapojifunza.

Kadi: kwa gari wanazuia pesa ya dhamana kwenye kadi ya krediti yenye jina la dereva mwenyewe. Kadi ya kawaida ya kutolea hela ofisi nyingi wanaikataa au wanakushikilia ununue bima yao kubwa. Uliza kwa barua pepe kabla hujalipa chochote, jibu lao litunze.

Halafu kuna sehemu watu hawaitaji, Conegliano. Ukiwa Venice unapanda Regionale ya kuelekea Udine, haifiki hata saa moja na nusu umeshuka, na hapo ndo kwenye vilima vya mvinyo ya Prosecco vilivyoingizwa urithi wa dunia wa UNESCO 2019, tena mji huohuo una chuo cha mvinyo toka 1876. Kwa mtu wa zabibu kama wewe nisingekuacha upite Venice bila kwenda. Gari halihitajiki kufika.

Mkulima wa Hombolo
Chuo cha zabibu toka 1876! Hiyo naenda hata kama mvua inanyesha. Basi tumekubaliana na mke wangu, treni Roma hadi Florence, gari la kutoka Peretola tukalale shamba moja upande wa Montalcino, tunalirudisha, treni Venice. Leseni ya kimataifa naanza kuifuatilia wiki hii. Tiketi nikate sasa hivi zote?

Dada wa Area D
Za kasi kata viza zikishatoka, Regionale kata hukohuko. Na siku ya kurudisha gari usibane muda na treni, ofisi ndogo zinafunga mchana. Ukisikia neno sciopero ujue ni mgomo, hutangazwa kabla, siku za kazi Regionale zinahakikishwa saa 12 hadi 3 asubuhi na saa 12 jioni hadi 3 usiku, safiri saa hizo.