Mgahawa wa mtaani umefunguliwa upya: twende sasa, tungoje, au tukale ule wa zamani?

Kijiko cha Chai

Wakuu, naomba ushauri. Jumamosi ijayo mama anatimiza miaka 70. Tukimpikia nyumbani najua ataishia kuosha vyombo yeye mwenyewe, kwa hiyo tumekubaliana tumtoe. Tutakuwa watu 8.

Mgahawa wa hapa mtaani, ambao tumekula tangu tukiwa wadogo, ulifungwa miezi minne kwa ukarabati. Sasa hivi una wiki ya tatu tangu ufunguliwe. Nina njia tatu kichwani: twende hapo Jumamosi usiku kama mama anavyotaka, tuahirishe mwezi mmoja hadi wazoee jengo lao jipya, au twende ule wa barabara ya pili, ambao haujaguswa miaka na miaka, viti vimebonyea na mapazia ni yale yale, lakini unajua unachokwenda kupata.

Jumatano mchana nilikwenda peke yangu kupeleleza. Ukumbi umependeza, sitasema uongo. Dari la zamani wamelibomoa, mabomba yako wazi na yamepakwa rangi nyeusi. Sakafu ni saruji iliyosuguliwa hadi unajiona. Ukuta uliokuwa unaficha jiko haupo tena, wapishi unawaona hadi jasho. Ila nilipoangusha uma, watu wa meza tatu waligeuka. Meza yangu ilikuwa inayumba, na mhudumu alikuja kuitegesha na karatasi ambayo tayari ilikuwa imekunjwa mfukoni mwake, nikajua mimi si wa kwanza. Supu ni nzuri kuliko zamani. Samaki alichukua dakika 40 na akafika amekauka pembeni.

Mzee wangu anavaa kifaa cha kusaidia kusikia, mama magoti yanamsumbua. Mngekuwa ninyi mngefanyaje?

Sahani Tupu

Nenda ule wa zamani. Swali linalofuata.

Fundi Dari

Mkuu Kijiko, huo uma ulioanguka umeshakujibu nusu ya swali. Kazi yangu ni dari na kuta, na haya maukumbi ya siku hizi yananipa riziki mara mbili: kwanza naitwa kung'oa kila kitu laini, baada ya miezi sita naitwa kukirudisha.

Sauti ikigonga saruji, kioo au kigae, karibu yote inarudi ukumbini. Ikigonga pazia, godoro la kiti au kitambaa kizito, sehemu yake inamezwa. Mtu aliyelipima hilo vizuri ni Wallace Sabine, mwalimu wa fizikia wa Harvard. Mwaka 1895 alipewa ukumbi wa mihadhara ambao neno moja lilikuwa linazunguka humo zaidi ya sekunde 5, mwanafunzi anasikia maneno kumi kwa mpigo. Yeye na vijana wake wakawa wanabeba mito ya viti kutoka ukumbi wa maonyesho wa jirani, usiku, wanaipanga chini na kupima mwangwi umepungua kiasi gani kwa kila mito waliyoongeza. Kwa hiyo huo mgahawa wako wa barabara ya pili, wenye viti vilivyobonyea na mapazia ya bibi, kwa masikio ya mzee ni kama dawa.

Jambo la pili ni kwamba ulikwenda mchana, Jumatano, ukumbi umepwaya. Jumamosi usiku ni habari nyingine. Watu wawili wakiongea kawaida wanafika kama desibeli 60. Ukumbi mgumu ukijaa, 80 inafikiwa bila hata muziki, na kila desibeli 10 zikiongezeka sikio linasikia kama kelele imekuwa mara mbili. Halafu binadamu akizidiwa na kelele hupaza sauti bila kujijua, meza ya jirani nayo inapaza, basi inakuwa mashindano. Daktari wa masikio Mfaransa, Étienne Lombard, alilieleza hilo mwaka 1911 na hadi leo linaitwa kwa jina lake.

Rudi siku moja saa za kujaa, simama katikati, piga kofi moja. Ukisikia mkia wa sauti unabaki hewani, mzee hatapata hata salamu.

Mpishi Mstaafu

Nimesoma kwa makini, nami niongeze la jikoni maana hapo ndipo samaki wako alipokaukia.

Watu hudhani jiko jipya ni jiko bora kuanzia siku ya kwanza. Sivyo. Mpishi wa kazi hafikirii chumvi iko wapi, mkono unakwenda wenyewe. Nimefunga na kufungua majiko matatu katika maisha yangu na kila mara, wiki za mwanzo, unaona watu wazima wenye uzoefu wa miaka 20 wanageuka kushoto kutafuta sufuria ambayo sasa iko kulia. Oveni mpya nayo ina tabia yake: ile ya zamani ulijua kona ya nyuma inaunguza, hii mpya bado hujui kona yake ni ipi.

Majiko makubwa yamegawanywa vitengo, huyu michuzi, huyu vya kuchoma, huyu vitamu, mtindo ambao mpishi Mfaransa Escoffier aliupanga vizuri mwishoni mwa karne ya 19. Ukarabati ukihamisha kitengo kimoja tu, mwendo wote wa oda unavurugika. Sahani ya kwanza iko tayari, ya pili bado, basi ile ya kwanza inakaa chini ya taa ya joto ikisubiri mwenzake. Samaki wako alikuwa anasubiri mwenzake wa meza nyingine, naweka dau.

Sasa wewe unataka kupeleka watu 8 Jumamosi usiku, sahani 8 zitoke pamoja. Hilo ndilo jambo gumu kuliko yote kwa jiko lenye wiki tatu.

Lakini sikubaliani na Sahani Tupu. Jiko lililozeeka nalo lina dhambi zake, hasa mafuta kwenye bomba la moshi na friji zinazohema. Angalia menyu: kama huo mgahawa mpya wameipunguza, ni dalili njema. Ina maana kuna mtu jikoni anayejua kipimo chake.

Kijiko cha Chai

Wameipunguza kweli, mzee wangu. Zamani ilikuwa kurasa sita, sasa ni moja. Tena haiko kwenye karatasi, kuna kibandiko cha QR mezani unakipiga picha kwa simu.

Mpishi Mstaafu

Kurasa moja safi sana. Kibandiko hapana.

Jirani wa Ghorofa ya Tatu

Naona mnapita pembeni ya jambo lenyewe. Nani analipia hiyo saruji inayong'aa? Mimi nilikwenda na mke wangu wiki ya kwanza. Bei zimepanda, sahani imekuwa pana kama sinia na chakula kimejikunyata katikati kama mgeni asiyejua akae wapi. Tulipotoka tulipita dukani kununua mkate. Wenye mgahawa sina ugomvi nao, mkopo wa ukarabati lazima urudi, ila usiniambie nisherehekee.

Kuhusu kibandiko: hiyo teknolojia ilitengenezwa Japani mwaka 1994 na kampuni ya Denso Wave kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari kiwandani. Sasa vipuri ni sisi.

Magongo Mawili

Hahaha Jirani. Ila nami nina neno, na linamhusu mama zaidi ya baba.

Kijiko, umetaja magoti ya mama mara moja ukayapita, na wote waliojibu wamekazania masikio. Mimi natembelea magongo tangu ajali, na nikialikwa mahali swali langu la kwanza si chakula wala kelele. Ni choo. Kiko wapi, ngazi ngapi, mlango una upana gani, kuna pa kushika? Migahawa mingi ya zamani choo kiko chini au juu, kwenye ngazi nyembamba zenye mwanga hafifu. Ukarabati mara nyingi ndiyo nafasi pekee ya kukishusha au kukipandisha hadi usawa wa ukumbi. Nimewahi kula sehemu moja tamu kweli, haikuwa na choo ninachoweza kukifikia, nikakaa saa mbili bila kunywa hata maji. Sikumbuki ladha ya kitu chochote.

Angalia na viti. Ile ya mtindo mpya, mirefu kama ya kaunta, mama hataipanda. Na kochi la chini sana hataliinuka. Kiti cha kawaida kina kama sentimita 45 kutoka sakafuni, na kikiwa na mikono ya kujisukumia ndiyo salama yake.

Kijiko cha Chai

Dada Magongo, umenitoa jasho. Ule wa barabara ya pili choo kiko juu. Ngazi 14, nimetoka kuzihesabu sasa hivi. Miaka yote nimepanda na kushuka sikuwahi kuziona kama ngazi.

Huku kwa walioukarabati choo kimeletwa nyuma ya kaunta, usawa mmoja na meza, mlango mpana, na kuna vyuma ukutani. Viti vya katikati ni vya kawaida vyenye mikono. Virefu viko mbele ya jiko tu.

Kwa hiyo sasa nina mahali ambapo baba anasikia na mama hawezi kwenda chooni, au mama anakwenda na baba hasikii.

Sahani Tupu

Nafuta nilichosema.

Fundi Dari

Basi cheza na saa na meza. Nenda mchana badala ya usiku, nusu saa kabla watu hawajaanza kuingia. Piga simu, omba meza ya kona, mbali na jiko na mashine ya kahawa. Ikiwa kuna sehemu yenye rafu za vitabu au kochi la kitambaa ukutani, hapo hapo.

Mzee akae mgongo ukutani.

Magongo Mawili

Hapo kwenye mgongo ukutani nina shaka, Fundi. Baba yangu naye anavaa kifaa, na aliyempimia alimwambia kinyume: vingi vya siku hizi maikrofoni zake zikiwekwa kwenye hali ya kelele hukazia kinachotoka mbele. Kwa hiyo kelele iwe nyuma yake, wanaoongea wawe mbele. Mgongo ukutani ni kwa asiyevaa kitu.

Fundi Dari

Napokea. Mimi najua kuta, masikio siyajui. Basi mzee atazame kona, ukumbi awape kisogo. Na mama akae pale ambapo mzee anamwona mdomo.

Mpishi Mstaafu

Na oda za watu 8 wapigie siku moja kabla, aina tatu tu zisizidi. Usione haya, jiko litakushukuru. Samaki aache.

Kijiko cha Chai

Narudi kutoa mrejesho, tulikula jana mchana.

Tulifika saa sita kamili, tukapewa kona. Baba aliwapa watu wote kisogo, jambo ambalo kwake ni kosa la adabu, ilibidi tumbembeleze. Saa nzima ya kwanza alikuwa anajibu maswali bila kurudiwa. Ilipofika saa saba na nusu ukumbi ukajaa, nikamwona anaanza kutabasamu na kutikisa kichwa kwa kila kitu, nikajua ametupotea. Tukaomba bili. Sahani 8 zilitoka ndani ya dakika 25, mbili hazikuwa na moto wa kutosha, walizirudisha bila kununa. Jirani ulikuwa sahihi kuhusu sahani pana, kaka yangu aliongeza oda.

Menyu ya karatasi ilikuwepo, ukiomba. Waliniletea moja, mama akaisoma mwanzo mwisho na miwani yake, halafu akaikunja mara nne na kuitia chini ya mguu wa meza.