Mama wa nyumbani athibitisheje jasho lake mali ya ndoa inapogawanywa?

Ukwaju
Wakuu, naomba ufafanuzi kwa wanaoijua Sheria ya Ndoa ya Tanzania. Mke hana ajira wala biashara. Kwa miaka 12 amepika, amelea watoto watatu, amemuuguza mama mkwe, na nyumba ilipojengwa yeye ndiye aliyeshinda saiti. Hati na risiti zote zina jina la mume. Ndoa ikivunjwa, kazi hizo zinahesabiwa? Na zinathibitishwaje, maana kupika ugali hakuna stakabadhi?

Msaidizi_wa_Kisheria
Zinahesabiwa. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinaitaka mahakama iangalie mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi. Hilo neno "kazi" lilibishaniwa sana, mpaka mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilipotamka kwamba kazi za nyumbani ni mchango. (Wengi hudhani Bi Hawa alishinda. Hapana: mahakama iliona kwamba fungu lake alikwisha kulipata na kulitapanya, rufaa ikatupwa. Msingi wa kisheria ndio uliobaki.)

Kinachowaangusha kina mama ni ushahidi. Mtu anapanda kizimbani na kusema "nilikuwa mama wa nyumbani," basi, anashuka. Hakimu ataandika nini hapo? Aeleze mwaka kwa mwaka: kiwanja kilinunuliwa lini, wakati huo yeye alikuwa anafanya nini, mume alikuwa wapi. Nani alipokea saruji na nondo, nani alimwagilia zege, nani alipikia mafundi. Kisha alete watu walioona: fundi mwenyewe, jirani, mjumbe wa shina. Daftari la VICOBA (kikundi cha kuweka na kukopa), kadi za kliniki za watoto na taarifa ya miamala ya simu vinasaidia kuonyesha nani alikuwa anaendesha nyumba.

Njia nyingine ni kukadiria gharama iliyookolewa: mshahara wa dada wa kazi wa mtaa huo mara miezi ya ndoa, pamoja na malipo ya mtu wa kumtunza mgonjwa. Si kanuni ya mahakama, ila humwonyesha hakimu kwamba mshahara wa mume ulijenga nyumba kwa sababu haukwenda huko.

Nuru_Dom
Naongezea mambo mawili yanayoua kesi nzuri kabisa.

La kwanza ni kuruka Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Kwa kawaida shauri la talaka huambatana na hati ya Baraza, Fomu Namba 3, inayosema usuluhishi umeshindikana, na hati hiyo isizidi miezi sita tangu itolewe hadi siku ya kufungua shauri. Ikipitwa, mnarudi Barazani upya. Inauma kuona mama amesikilizwa hadi hukumu, halafu kwenye rufaa kila kitu kinafutwa kwa kasoro hiyo.

La pili, karatasi iliyoambatanishwa kwenye madai bado si ushahidi. Lazima itolewe wakati wa kutoa ushahidi na ipokelewe kama kielelezo. Na kama kiwanja kimeandikwa jina la kaka wa mume, huyo kaka aunganishwe kwenye shauri, la sivyo amri ya mgawanyo haitamfunga.

Ukwaju
Asanteni sana. Kwa hiyo ni nusu kwa nusu?

Msaidizi_wa_Kisheria
Si moja kwa moja. Kifungu hicho cha 114 kinasema mahakama ielekee kwenye usawa, lakini baada ya kupima mila za jamii, ukubwa wa mchango, madeni yaliyokopwa kwa manufaa ya wote na mahitaji ya watoto. Anayeeleza kidogo hupata kidogo, na hilo ndilo linalowaumiza wanawake waliofanya kazi kuliko wote.

Mwanasheria_Pwani
Kwa wasomaji wa Kenya: Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 imetaja waziwazi kazi za nyumbani, malezi ya watoto na kazi za shamba kuwa mchango. Hata hivyo Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisema hakuna nusu kwa nusu ya kujiendea, kila upande uthibitishe. Basi ushauri wa ushahidi hapo juu unafaa huku pia.

Ukwaju
Swali la mwisho. Mume akiiuza nyumba kabla kesi haijafunguliwa?

Nuru_Dom
Kwa Tanzania, kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa kinakataza kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenza. Kama ina hati, mke aweke zuio kwa Msajili wa Hati mapema, asisubiri dalali aanze kuleta wateja. Kama haijasajiliwa, apeleke barua serikali ya mtaa au kijiji, nakala igongwe muhuri wa kupokelewa, maana mauziano mengi hupitia ofisi hiyo. Shauri likishafunguliwa aombe zuio la muda siku hiyohiyo.