Naomba ushauri: injini kuukuu ya boti inazimika ziwani, je, ni ethanoli (alkoholi inayochanganywa kwenye petroli)?

Mvuvi wa Dunga:
Hamjambo wanabaraza. Nina injini ya stroki mbili (ile inayolainishwa na oili iliyochanganywa kwenye petroli), nguvu za farasi 15, ya mwaka 1988. Tangu ilipokaa bandani wiki tano nikiugua, huwaka vizuri ufuoni kisha huzimika nikishavuka magugumaji. Jana kwenye kabureta nilikuta majimaji meupe kama maji ya kuoshea mchele, na paipu ya mafuta imelainika hata inanata vidoleni. Petroli nilinunua kwa mchuuzi wa jerikeni. Nifanyeje, kwa kuwa injini nyingine siimudu?

Fundi Mbita:
Pole, ndugu yangu. Ipime kwanza. Tia maji kidogo katika chupa nyembamba ya glasi, chora mstari, ongeza petroli isiyo na oili mara kumi ya maji hayo, tikisa, kisha uache itulie. Maji yakipita mstari, ethanoli imo, kwa maana huiacha petroli ikayafuata maji.

Hatari yake kwa stroki mbili ni kubwa. Petroli yenye ethanoli asilimia 10 hunyonya unyevu, na maji yakizidi takriban nusu asilimia, yaani kama desilita moja katika lita 20, ethanoli na maji huzama pamoja chini ya tangi, pale pale bomba linapofyonzea, ilhali oili hubaki juu na petroli. Pistoni hukwaruzika kwa kukosa oili.

Mama Boti, Homa Bay:
Paipu usiionee huruma, kaka, kwani mpira wa miaka hiyo haukutengenezewa ethanoli. Mimi nilibadilisha ya nje tu, nikasahau vipande vifupi vilivyo chini ya kifuniko cha injini. Vilichubuka kwa ndani na kuziba jeti, yaani kitundu chembamba cha mafuta ndani ya kabureta. Badilisha pia gasketi za kabureta, na ufunge chujio la kutenganisha maji, la maikroni 10.

Mvuvi wa Dunga:
Asanteni sana. Nimepima: maji yamekaribia kuwa maradufu. Je, nikiimimina ile petroli ya juu taratibu, naweza kuitumia?

Fundi Mbita:
Hapana, ndugu. Ethanoli ikishatoka, petroli inayobaki hupungua oktani (uwezo wa kutolipuka kabla ya wakati ndani ya injini), na kuitikisa hakuirudishi ilivyokuwa. Usiimwage ziwani wala ufuoni. Iweke kando kwenye jerikeni yenye alama. Osha tangi, likauke kabisa, kisha nunua petroli ya kutumia siku chache tu, uipime kabla ya kutia oili. Boti ikikaa zaidi ya wiki mbili, chomoa paipu na uiache injini iunguze mafuta yote yaliyo kwenye kabureta, ikiwa bado majini ili isikose maji ya kupoozea.