PS-PAA inagoma kutoka kwenye vitufe hata baada ya kuongeza chumvi

Swali
Wakuu, naomba msaada. Polima ni kopolima ya vipande viwili: polistaireni (PS, haipendi maji) vizio 410, asidi ya poliakriliki (PAA, inapenda maji) vizio 25. Nimeyeyusha asilimia 1 kwa uzito kwenye kiyeyushi cha DMF, nikadondosha maji hadi asilimia 25, nikafanya dayalisisi (kuchuja DMF kwa utando ndani ya maji) siku tatu, ndipo nikaweka sodiamu kloridi (NaCl) milimola 10 kwa lita. Hadubini ya elektroni inaonyesha vitufe tu. Nimepandisha hadi milimola 50, bado. Ninachotaka ni vifuko, yaani vyenye uwazi ndani.

Jibu 1
Mkuu, chumvi imefika mlango umeshafungwa. DMF ikishatoka, kiini cha polistaireni kinakuwa kioo. Hakilainiki mpaka karibu nyuzi 100 za Selsiasi. Umbo huamuliwa wakati kiini bado kimelowa DMF na minyororo inaweza kuhama.

Kinachozuia vifuko ni chaji za nywele za nje, yaani ile asidi. Zinasukumana, kila nywele inadai nafasi, kitufe kinabaki kidogo. Ukipunguza msukumano, minyororo mingi inaingia kwenye kitufe kimoja, kiini kinanenepa, na polistaireni iliyo ndani inavutwa kupita kiasi. Ili kupumua, inageuka vijiti, kisha vifuko. Kundi la Adi Eisenberg, Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, lilionyesha hili mwaka 1996 kwa polima ya aina hiihii.

Jibu 2
Naongeza vipimo. Kwa mililita 10 za mmumunyo wa DMF, kabla ya tone la kwanza la maji, weka kimojawapo:

- NaCl ya mola 1, mikrolita 100 (milimola 10)
- HCl (asidi ya hidrokloriki) ya mola 0.1, mikrolita 20 (mikromola 200)
- CaCl₂ (kalsiamu kloridi) ya mola 0.1, mikrolita 10 (mikromola 100)

Tofauti ni kubwa kwa sababu NaCl inafunika chaji tu, HCl inazirudishia protoni, na kalsiamu moja inashika asidi mbili. Asidi hii ni dhaifu, chaji zake ni chache, ndiyo maana mikromola zinatosha. NaOH (sodiamu hidroksidi) inafanya kinyume: inarudisha vitufe.

Andaa chupa tano za mikolezo tofauti, usibahatishe moja. Dondosha huku sumaku ikikoroga kwa nguvu, la sivyo kalsiamu inaunda mabonge pale tone linapoangukia. Maji yaingie mikrolita 20 hadi 30 kwa dakika, kama saa mbili hivi. Mmumunyo ukianza kuonyesha samawati ya moshi, misela (vikundi vya minyororo) zimeanza. Fanya kazi ndani ya kabati la kufyonza mvuke. DMF inapenya ngozi.

Jibu 3
Angalieni na maji yenyewe. Maji ya bomba yenye kalsiamu miligramu 40 kwa lita yana milimola 1, mara kumi ya kipimo cha Jibu 2. Tumia yaliyoondolewa ioni, hata kusuuzia vyombo. Na chumvi ikibaki kwenye sampuli, inaota fuwele kwenye gridi ya hadubini na kufunika kila kitu.

Muuliza swali
Nimeelewa. Hizi nilizonazo zinaokoka?

Jibu 1
Zinaokoka. Rudisha kwenye dayalisisi mpaka chumvi iishe, kausha kwa kugandisha, yeyusha upya kwenye DMF usiku kucha, kisha anza na kiongezi kimojawapo cha Jibu 2.