Unga mweupe wa kugeuza hewa ukaa kuwa mafuta: ni kweli?

Fundi wa Mtongwe
Asalaam aleikum. Mimi natengeneza mashine za boti. Kuna jamaa aniuzia unga, aita titani dioksidi, shilingi 12,000. Asema niukoroge kwenye beseni la maji, niuelekezee moshi wa jenereta, nianike juani, na jioni nitakinga methanoli ya kuendeshea boti. Jua tunalo, moshi tunao. Nimpe pesa ama nimwache?

Mwalimu wa kemia, Tudor
Waaleikum salaam, fundi. Usimpe hata thumni. Elimu yenyewe ni ya kweli. Mwaka 1972 Wajapani wawili, Fujishima na Honda, walionyesha kuwa titani dioksidi ikimulikwa ndani ya maji huweza kuyapasua. Mwaka 1979 wao na wenzao wakapata methanoli kutokana na hewa ukaa, lakini kidogo mno.

Jua letu halina kosa. Unga ule ni mweupe kwa kuwa nuru tunayoiona huirudisha karibu yote. Hutumia urujuanimno tu, nuru isiyoonekana kwa macho, ambayo ni kama asilimia 5 ya nuru ya jua. Ikiupiga, elektroni huruka na kuacha tundu, na mara nyingi hurudi tunduni kabla haijafanya kazi. Molekuli moja ya methanoli yataka elektroni 6. Ni kama matatu inayongoja abiria sita, na kila apandaye huteremkia mlango wa pili. Haidrojeni itokayo kwenye maji yahitaji 2 tu, kwa hivyo maji nayo hukunyang'anya elektroni hizo.

Na tafadhali, methanoli hupofusha. Usiikinge nyumbani.

Wa maabara
Naongeza la kwangu. Tulipata methani siku ya kwanza, tukashangilia. Tukarudia bila kutia hewa ukaa, ikatoka vilevile! Ilikuwa kaboni ya uchafu uliogandamana na unga. Ndiyo maana watafiti hutumia hewa ukaa yenye kaboni 13, yaani kaboni nzito kidogo kuliko ya kawaida, wakaitafute ndani ya mafuta yenyewe. Muulize huyo muuzaji kama amewahi kupima hata bila moshi.

Fundi wa Mtongwe
Nimemuuliza, hajajibu tena. Ahsanteni sana. Lakini kijana wangu yuko kidato cha tatu na jambo hili limemshika. Hakuna namna ya kuuona unga huu ukifanya kazi?

Mwalimu wa kemia, Tudor
Ipo. Mlete Jumamosi, unga ninao. Tutatia rangi ya methilini buluu kwenye maji yenye unga, tugawe vikombe viwili, kimoja juani, kimoja kabatini. Aje na daftari, aandike kila robo saa buluu imefifia kiasi gani.