Naomba ushauri: picha na kanda za marehemu ami zinaharibika

Ndugu zangu, salamu kutoka Mji wa Kale, Mombasa. Marehemu ami yangu alikuwa mchoraji, na ujanani alichora mapazia ya jukwaa ya michezo ya kuigiza yenye nyimbo. Kashani mwake tumekuta picha 14 alizochora kwa rangi, daftari za michoro, na kanda za rili (kanda za sauti za zamani zinazozungushwa kwenye magurudumu) ambazo waigizaji walirekodi mazoezini.

Chumba chake kinaelekea bahari, na chumvi imefanya kazi yake. Picha moja imeota ukungu pembeni, na samawati ya maji chini ya dau inabanduka kama magamba ya samaki. Kanda mbili zinanuka siki. Hiyo ni dalili kwamba plastiki yenyewe inaoza, na mvuke wake huharibu zilizo karibu, kwa hiyo nimezitenga.

Binamu zangu wanataka tupeleke kila kitu Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Nairobi, uliko mkusanyiko wa sanaa wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais. Mimi natamani vibaki pwani, pengine makumbusho ya Fort Jesus. Mwaka jana nilimwazima mtu daftari moja ili anakili, halikurudi hadi leo, na bado linaniuma.

Waliowahi kukabidhi vitu kama hivi, mliandikiana nini? Kwa sheria ya Kenya hakimiliki hudumu miaka 50 baada ya msanii kufariki. Je, naweza kutoa picha, haki zikabaki kwa wanawe? Nani hapa Mombasa ana mashine ya rili inayofanya kazi? Na ule ukungu, niupanguse au nisiuguse kabisa?